Mabula, Mwana wa Mvua: Mwongozo wa Kuhamishia Hadithi za Kigiriki Mwanza kwa Wasomaji Wadogo

Kila anayejaribu kazi hii huku kwetu huanzia pale pale. Anatazama Jiwe la Bismarck lilivyojisimamia majini, anakumbuka kwamba Medusa wa Wagiriki alikuwa akimgeuza jiwe kila anayemtazama, anapiga kofi la furaha: nimepata! Mwanza mawe matupu, basi Mwanza yote ni watu wa Medusa. Kwenye kikundi changu cha Jumamosi kuna watoto kumi na wawili, wa darasa la tano hadi kidato cha kwanza. Zoezi la kwanza nililowapa, saba waliandika hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewatangulia, ukurasa mzima, nikajiona fundi.

Wazo si baya, ila linaishia lilipoanzia. Ukishasema jiwe lile zamani lilikuwa mtu, umemaliza, na hadithi haijaanza. Mtoto anataka kujua nani anamdai nani, na itakuwaje asipolipa.

Kama ni lazima upate jiwe, basi chukua lile alilolimeza Kronos, baba wa miungu. Alikuwa akimeza watoto wake kila wanapozaliwa, watano kwa mfululizo, na alipozaliwa wa sita, Zeus, mama mtu akamfungia jiwe kwenye nguo za mtoto, mzee akalimeza bila kutafuna. Baadaye akalitapika, na watoto wote nyuma yake. Mtoto wa Kisukuma akisikia hayo atakukatiza: hiyo si ya Shing'weng'we? Ndiyo, ni ndugu yake. Shing'weng'we naye alimeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito, na mwanawe Masala Kulangwa ndiye aliyekuja kuwatoa tumboni mwa lile jitu. Kwa hiyo usidhani unamletea mtoto wa Igoma kitu kigeni. Unamletea binamu wa hadithi ya bibi yake.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kijana mwenye daftari anayetaka kuandika hadithi ndefu ya watoto wa miaka 9 hadi 13, yenye miungu na mazimwi ya Ugiriki ya kale, lakini ikitokea leo, Kirumba au Nyegezi au Ukerewe. Nitatumia kisa kimoja, cha Perseus, maana ndicho tulichofanyia kazi mwaka mzima na ndicho nilichokosea sana.

Hatua ya kwanza: andika kisa kizima kwa maneno yako

Perseus wa katuni ni kijana, upanga, nyoka kichwani, basi. Usianzie hapo. Anzia kwenye kisa kama wazee walivyokikusanya, hasa katika mkusanyiko wa kale unaobeba jina la Apollodorus, kwa sababu una yale mambo madogo ambayo filamu huyatupa. Kiandike kwenye ukurasa mmoja bila mapambo:

Mfalme Acrisius wa Argos anatabiriwa kuwa mjukuu wake atamuua. Anamfungia binti yake Danae kwenye chumba cha shaba. Zeus anaingia kwa umbo la mvua ya dhahabu, Danae anamzaa Perseus. Babu anawatia mama na mtoto sandukuni na kuwatupa baharini. Sanduku linafika kisiwa cha Seriphos, mvuvi Dictys anawaokoa na kumlea mtoto. Ndugu yake Dictys, Polydectes, ndiye mtawala wa kisiwa, naye anamtaka Danae. Kijana anamzuia. Polydectes anajidai anakwenda kuposa kwingine, anawataka watu wote mchango. Perseus anasema hata kichwa cha Medusa hashindwi kukileta. Anaambiwa: haya, kilete. Miungu Athena na Hermes wanamsaidia. Anawapokonya vikongwe watatu jicho moja wanaloazimana, mpaka wamwonyeshe njia. Anapata viatu vyenye mabawa, kofia ya kutoonekana, mfuko, mundu. Anamkata Medusa akitazama kivuli chake kwenye ngao. Anarudi, anamgeuza Polydectes jiwe. Siku moja, kwenye michezo, anarusha kisahani, kinampata babu yake, anakufa.

Sasa soma tena polepole, kalamu mkononi. Mimi nilipofika kwenye mchango nilicheka peke yangu. Polydectes amefungua kamati ya harusi! Wenzake Perseus wameahidi farasi. Kijana asiye na kitu anashikwa na aibu mbele ya watu, anatamka ahadi kubwa kuliko mfuko wake. Nani Mwanza hajawahi kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati, orodha ya majina na tarakimu, jina lake peke yake likiwa na sifuri? Mlango wa kuingilia kwenye kisa ulikuwa huu, nami mwaka mzima nilikuwa nje nazunguka mawe.

Kitu cha pili: jina Dictys linatokana na neno la Kigiriki la wavu. Washairi wa kale walimwonyesha akilivuta lile sanduku kwa nyavu zake. Huyo mtu anaishi Ukerewe. Huhitaji kumhamisha.

Hatua ya pili: tafuta sharti, kisha ulitafutie makazi

Visa vya Kigiriki vilivyodumu karibu vyote vina sharti. Orpheus anaambiwa asigeuke nyuma. Persephone asile cha kuzimu. Icarus asiruke juu sana wala chini sana. Odysseus anapewa mfuko wa pepo usiofunguliwa. Pandora asifunue mtungi, na ni mtungi kweli, hilo sanduku lililomfuata Ulaya ni kosa la mfasiri wa baadaye. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye "usifagie usiku" na "usipige mluzi gizani" anaelewa sharti kuliko anavyoelewa mungu. Mungu anahitaji kuelezwa, sharti halihitaji.

Kazi yako ni kujiuliza: sharti hili, hapa mjini, tayari linauma wapi?

Sharti la Medusa ni usimtazame. Niliwauliza watoto: ni kitu gani hapa Mwanza mmekatazwa kukitazama? Wakasema jua. Wakasema watu wazima wakigombana. Kisha mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya maandazi, akasema: moto wa kuchomelea. Kila mtu akaitikia. Nani hajapigiwa kelele na fundi, "We mtoto, usiangalie!", na usiku akalala macho yakiwasha kama yametiwa mchanga? Na fundi mwenyewe anautazama moto huo kutwa kwa sababu ana kile kioo cheusi.

Hapo ngao ya Athena ikageuka kinyago cha fundi. Haikugeuka kwa kubadilishwa nguo tu. Imefuata sharti lake mpaka lilipokuwa limekaa. Fundi naye hakutafutwa mbali: Hephaestus, mfua chuma wa miungu, mlemavu wa mguu aliyetupwa kutoka Olympus akaangukia kisiwa cha Lemnos. Tulimpa kibanda Makoroboi, mahali penye jina la taa za kibatari, na mguu wake hatukuugeuza kichekesho wala somo. Anachechemea, anachomelea, anadai pesa yake.

Hatua ya tatu: majina

Hapa lugha zetu zimetuandalia meza. Perseus alitungwa kwa mvua. Usukumani mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula, wa kike Kabula. Basi shujaa wetu ni Mabula, na kila mtoto wa Kisukuma anayesoma ukurasa wa kwanza ameshajua siri ambayo Mabula mwenyewe haijui mpaka sura ya tano. Artemis na Apollo ni mapacha, na kwa Apollodorus Artemis ndiye aliyetangulia, kisha akamsaidia mama yao kumzaa ndugu yake. Kwa hiyo Artemis ni Kulwa, Apollo ni Doto. Usikosee mpangilio huo. Ukimwita Apollo Kulwa, watarudisha kitabu.

Wakubwa wenyewe, yaani miungu wengine, nimewaachia majina yao. Wengine hupenda kuandika Zeu na Herme, kama Biblia ya Kiswahili inavyoandika katika Matendo 14, pale watu wa Listra wanapomwita Barnaba Zeu na Paulo Herme. Ni uamuzi wako, ila ukichagua moja usichanganye.

Na mvua ya dhahabu ile? Visa hivi vina mambo mengi ya miungu na wanawake ambayo si ya mtoto wa miaka 10. Usiyapambe kwa mapenzi, maana mengi hayakuwa mapenzi. Sisi tuliandika sentensi moja: "Mabula alikuja na mvua, na mama yake hakupenda kuizungumzia mvua hiyo." Mtoto mdogo anapita. Mkubwa anasimama kidogo, kisha naye anapita.

Hatua ya nne: mungu apewe kazi, si usafiri

Kila mtu anampa Hermes bodaboda. Nakuomba, usimpe. Ndiyo, ni mjumbe, ndiyo, ana mabawa miguuni, lakini utenzi wa kale wa kumsifu unasimulia jambo tamu zaidi: alizaliwa alfajiri, adhuhuri alishatengeneza kinubi kwa gamba la kobe, jioni akaenda kuiba ng'ombe hamsini wa kaka yake Apollo. Akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zionekane zinakuja wakati zinakwenda. Umeona? Huyo ni wa huku. Nchi ya ng'ombe, nchi iliyoanzisha Sungusungu, ulinzi wa jadi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa mifugo. Sura yetu ya Hermes ina wazee wenye filimbi wameinama juu ya nyayo, wanabishana zilikoelekea, na mtoto mchanga amelala mkekani anajikunja kwa kucheka. Alipokua akawa dalali. Pikipiki hana, anakodi.

Poseidon, mungu wa bahari, alitusumbua. Ni wa maji ya chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi, liko mita 1,134 juu ya bahari, na lina wenyewe: Wahaya wa magharibi wanamtaja Mugasha, Waganda wanamtaja Mukasa wa visiwa vya Ssese. Tungemkabidhi Poseidon ziwa zima tungekuwa tumefanya kama yule aliyefika juzi akalipa jina la malkia wake. Kwa hiyo kwetu Poseidon ni mgeni. Amepanda mita 1,134 kwa miguu, kiatu kimepasuka, anabisha hodi kwa mwenye maji, na anasubirishwa nje. Watoto wanaipenda sura hii kuliko mapigano yote.

Hades, mfalme wa kuzimu, msimpe kazi ya mochwari. Jina lake jingine, Plouton, linahusu utajiri, kwa sababu mali iko chini ya ardhi. Ukitoka Mwanza kwenda Geita unamkuta mgodini, kofia ngumu kichwani.

Charon, mvushaji wa wafu anayelipwa sarafu, ana kisa chake nitakachokieleza chini. Kwa hapa niseme tu kwamba tulimweka kivuko cha Kigongo na Busisi, na daraja lilipofunguliwa Juni 2025 akabaki bila kazi. Anakaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu magari yanayopita juu.

Hatua ya tano: majira yafuate ya huku

Usilete theluji. Kisa cha Persephone, msichana aliyechukuliwa kuzimu, kinasimuliwa kwenye vitabu vingi kama kisa cha baridi kali: miezi sita juu, sita chini ambayo ardhi haizai, maana alikula punje za komamanga kuzimu. Hiyo miezi sita ni ya Ovid, mshairi wa Kirumi. Utenzi wa Kigiriki ulio wa kale zaidi unasema theluthi moja ya mwaka. Theluthi ni miezi minne. Hesabu: Juni, Julai, Agosti, Septemba. Masika yameisha Mei, vuli haijaja mpaka Oktoba, nyasi za Bujora zimekauka, vumbi. Kisa cha zamani zaidi ndicho kinachokaa Mwanza bila kukatwa hata kidogo, na sikuongeza neno.

Mwezi nao una kazi yake. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao haziwezi kushindana na mwezi, dagaa hawaji. Kwa hiyo Kulwa, bibi wa mwezi, anaweza kusimamisha uchumi wa mwalo mzima kwa kununa tu. Na sanduku la Mabula lazima lifike usiku wa giza, taa zimewashwa, wavu uko majini. Likifika usiku wa mbalamwezi, mtoto wa mvuvi atakuuliza hao wavuvi walikuwa wanafanya nini ziwani, na hutakuwa na jibu.

Hatua ya sita: yanayouma hapa

Hapa sitaenda haraka.

Nilikuwa na sura moja niliyoipenda sana. Charon anapakia abiria wake bandarini usiku, wafu wamepanga mstari na sarafu zao, meli inakwenda bila taa. Niliisoma kwa sauti Jumamosi moja, nikaigiza na sauti ya honi. Binti mmoja akaweka karatasi yake chini, akaenda kusimama mlangoni mpaka nilipomaliza. Sikuelewa. Jioni shangazi yake aliyekuja kumchukua akaniambia kwa adabu tu: bibi yake mtoto huyu amelala Igoma. Meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996. Na mwaka 2018, Septemba, kivuko cha MV Nyerere kikazama karibu na Ukara. Mji huu hauna haja ya kubuniwa meli ya wafu. Sura niliichana. Charon wetu wa sasa havushi mtu majini. Ni mzee wa tiketi aliyepoteza kazi, yuko nchi kavu, hadithi haimruhusu kushuka.

Vikongwe watatu nao. Kwenye kisa wana mvi tangu kuzaliwa, jicho moja, jino moja, na michoro ya vitabu huwafanya wachawi. Usukumani akina bibi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, wa miaka hamsini ya kupikia watu. Ukimwandikia mtoto wa huku kikongwe wa jicho la kutisha, hujaandika ndoto. Umeongeza kijiti kwenye moto unaowaka. Wabaki watatu, wabaki wakiazimana, lakini watafutie kitu kingine cha kuazimana.

La mwisho ndilo gumu: kichwa chenyewe. Kijana anakata kiungo cha mtu, anakitia mfukoni, kinampa nguvu. Isome sentensi hiyo tena ukiwa Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani hiyo hiyo. Kwenye kikundi chetu yupo mtoto mwenye ualbino. Sikuhitaji mtu mwingine wa kunieleza. Mabula hawezi kukata kichwa. Na kama hawezi, ahadi ya mchango ataitimizaje?

Tulikaa na swali hilo wiki tatu. Aliyelifungua ni dada wa kidato cha kwanza, mkimya, msomaji wa Abunuwasi: "Aliahidi kichwa. Hakusema kitakuja bila shingo."

Kwa hiyo Mabula anamwalika Medusa harusini. Anakuja mzima, na miguu yake, uso umefunikwa khanga, na khanga imeandikwa Macho hayana pazia. Polydectes anaudai mchango. Mabula anasema, huyo hapo, amekuja nacho mwenyewe. Polydectes anaamuru uso ufunuliwe. Watu wote wanainama. Yeye anavuta khanga. Sharti halikuvunjwa na shujaa, limevunjwa na mwenye tamaa ya kuona. Na Medusa? Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, anamsimulia kama mmoja wa dada watatu, yeye peke yake akiwa wa kufa. Ovid anamfanya msichana mzuri aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. Tulimchukua wa Ovid.

Kuhusu wazazi na dini: wataniuliza, watakuuliza nawe. Mama mmoja alitaka kujua kama nafundisha watoto kuabudu sanamu. Nilimpa sura tatu asome nyumbani. Kanuni yetu ni kwamba hakuna mhusika anayesali kwa hao Wakubwa, hakuna sadaka, hakuna tambiko. Watoto wanawaamkia shikamoo kama wazee wengine, basi. Mwanawe bado anakuja.

Hatua ya saba: andika kwa karibu

Vikongwe sasa ni bibi watatu wauza dagaa Mwaloni Kirumba, na wanaazimana miwani moja ya kusomea. Nakuwekea kipande kama kilivyo, ili uone ukubwa wa tukio moja:

Bibi wa kwanza alisoma ujumbe wa muamala kwenye simu, akavua miwani, akampa wa pili. Wa pili akasoma mizani, akavua, akampa wa tatu. Wa tatu akamtazama Mabula kuanzia ndala hadi kichwani.

"Shikamooni, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Mama Mabula, wa Nansio."

Miwani ikaanza safari ya kurudi. Mkono mmoja ulikuwa umeshaachia, wa pili haujashika. Mabula akaidaka.

Nyuso tatu ziligeuka kwa pamoja, si kwake hasa, kidogo pembeni, pale zilipodhani yupo.

"Niambieni njia ya kwa Medusa, niwape miwani yenu."

"Mjukuu wangu," alisema wa kwanza, kwa upole uliomtisha kuliko makelele, "hapa Mwaloni pamejaa watu. Nikipiga ukunga mmoja tu, njia utakayoijua leo ni ya hospitali ya Bugando."

Mabula akairudisha. Kisha akapima dagaa, sado kwa sado, mpaka jua likazama. Ndipo bibi wa tatu akasema, bila kuulizwa, "Ukifika kwake, piga hodi ukiwa umempa mgongo."

Angalia vitu viwili. Perseus wa zamani alifanikiwa kwa kupora. Mabula angepora Mwaloni angepigwa, na kila mtoto anajua. Ukweli wa mahali umebadilisha tukio, na limekuwa bora. Pia ule mfuko wa kichwa umebaki kama mfuko wa salfeti anaobebea dagaa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mfuko wa plastiki, na mtoto akanikumbusha ilipigwa marufuku Juni 2019. Tukabadilisha.

Hatua ya nane: acha Kiswahili kifanye uchawi wake

Odysseus alipomdanganya zimwi la jicho moja, alisema jina lake ni neno lenye maana ya "si mtu". Zimwi lilipojeruhiwa, jirani wakauliza nani anakuumiza, likajibu jina lile, wakaenda zao. Kwenye lugha nyingi mfasiri anatoa jasho. Kwetu linateleza lenyewe: "Nani anakuua?" "Hakuna Mtu ananiua!" "Basi lala." Tafuta sehemu kama hizo, uzijenge mbele ya hadhira, uzisome kwa sauti.

Shikamoo nayo ni chombo. Mkubwa anayeitikia "marahaba" ni wa kuaminiwa. Polydectes haitikii, anaendelea na simu. Sikuandika popote kwamba ni mtu mbaya, wala sikuhitaji.

Kisukuma kiwe chumvi. "Wangaluka" ya asubuhi, "ng'wanawane" ya bibi, inatosha. Ukijaza, mtoto wa Kikerewe na wa Kijita atajiona mgeni kwenye ziwa lake.

Yaliyobaki ni ya haraka. Sura iwe maneno 800 hadi 1,200, zaidi ya hapo umeme utakatika kabla hujamaliza. Visa vya kale ni vya kila mtu, lakini buni za waandishi wa leo si zako. Kambi ya watoto wa miungu, shule yao, alama zao, vyote vina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda yeye kama itakavyokulinda wewe. Namba ya ISBN inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukitaka kitabu kiingie shuleni, ithibati iko Taasisi ya Elimu Tanzania. Sisi bado tuko kwenye nakala za fotokopi zilizobanwa kwa pini, na kila nakala inazunguka nyumba nne kabla ya kurudi na mafuta ya taa pembeni.

Kabla ya hayo yote, soma kwa sauti mbele ya watoto wasiokuogopa, kalamu mkononi. Weka alama pale wanapoanza kuchezea viatu. Sifa zao usizitie maanani sana. Maswali yao ndiyo ya kuandika yote. Tuliposoma sura ya harusi kwa mara ya tatu nilidhani imekamilika. Kimya kizuri, Polydectes ni jiwe, Medusa anajifunika tena khanga. Kisha kutoka nyuma, yule mvulana wa maandazi:

"Na pilau je? Alikula?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria. Mgeni amesafiri, amekuja na mchango, na sisi tumemsimamisha mlangoni kurasa sita. Jumamosi iliyofuata tuliandika rasimu ya nne. Wale bibi watatu wanamwita kwenye mkeka wao, wanavua miwani, wanaiweka mfukoni, wanamsogezea sinia.